Maswali ya wasomaji: Mgodi, kiwanda na ziwa letu

Mwangaluka wasomaji wangu. Toleo lililopita niliandika aya moja fupi tu, kwamba kampuni kubwa ya nje ikituharibia mto au ziwa tusiishie kulaani wazungu, tuulize ilisaini karatasi gani kabla ya kupewa kibali na ni nani anaisoma hiyo karatasi saivi. Basi simu imejaa. Kuna waliotukana, hao nimewaacha, kuna waliopongeza bila kusoma, na kuna waliouliza vitu vya maana kabisa. Nimechukua wachache, nimefupisha, maneno ni yao.

SWALI (muuza samaki wa kukaanga, Igogo): Shikamoo mzee. Huku kwetu kila mara wanakuja watu wanatufukuza tusifulie ziwani, wanasema sisi ndo tunaua ziwa. Mbona migodi na viwanda hatuoni vikifukuzwa? Ivi kweli beseni langu la nguo ndo linashindana na mgodi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Beseni lako halishindani na mgodi, ila na wewe usiligeuze beseni kuwa malaika.

Ziwa letu lina magonjwa mawili na watu wanayachanganya. La kwanza ni lile unaloliona kwa macho, maji ya kijani, mwani umetanda ufukweni, magugu maji ambayo tulianza kuyaona mwishoni mwa miaka ya 80 na hayajawahi kuisha kabisa. Hilo linaletwa na nitrojeni na fosforasi, yani mbolea ya mashambani, vinyesi, majitaka ya mji, udongo unaosombwa na mito, na hata vumbi na moshi wa kuchoma mapori ambao unapanda juu alafu unarudi na mvua. Hapo tumo wote, mimi mwenye choo cha shimo, wewe mwenye sabuni, mkulima wa pamba, kiwanda kinachofungulia bomba lake usiku, wote. Ukimlaumu mgodi wa dhahabu kwa ule ukijani utakuwa unamwonea.

Ugonjwa wa pili hauonekani. Huo ni wa metali, tindikali na kemikali za kuchenjulia dhahabu, na huo ndo wa migodi. Haushiki ziwa zima kwa mara moja, unashika kijito fulani, bonde fulani, visima vya kijiji fulani, ila ukishashika unaweza kukaa miaka na miaka hata mgodi wenyewe ukishafungwa na mwenye nao yuko kwao anacheza na wajukuu.

Na kuna kitu kimoja kuhusu hili ziwa ambacho watu hawakifikirii. Lina eneo la kama kilomita za mraba 68,800 lakini kina chake kwa wastani ni mita 40 tu, alafu sehemu kubwa sana ya maji yake haitoki kwa mto, inatoka kwa kupanda hewani na jua. Kinachotoka kule Jinja kwenda Nile ni kidogo ukilinganisha. Sasa maji yakipanda hewani hayabebi madini ya risasi wala aseniki, yanayaacha hapahapa. Kwaiyo kinachoingia leo usidhani kesho kitakuwa Misri.

Kuhusu kufukuzwa, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Mita 60 hizo hazikuandikwa kwa ajili ya wenye mabeseni peke yao. Siku wakija tena waambie tu kwa adabu, sawa wanangu naondoka, ila tuanzie wapi kupima, kwangu au kwenye ule ukuta wa hoteli pale?

SWALI (mvuvi, chini ya daraja la Kirumi, Mara): Mzee, 2022 mto Mara uligeuka mweusi, samaki wakafa wengi, tume ikaja ikasema ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe. Huku hakuna aliyeamini, kila mtu anasema mgodi. Wewe unaamini nini? Na mtu kama mimi asiye na maabara atajuaje?

JIBU: Hili ndo swali lililonifanya nichelewe kupeleka safu, mana kulijibu kwa mstari mmoja ni kukudanganya.

Naanza na tume. Ile ya Machi 2022 iliyoongozwa na Profesa Samwel Manyele ilisema mto ulikosa hewa kwa sababu ya kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Watu walicheka nchi nzima, nilicheka na mimi. Lakini ukiondoa kicheko, jambo lenyewe kisayansi linawezekana. Mto huohuo wa Mara upande wa juu, kule mbugani Kenya, watafiti walishaandika mwaka 2018 kwamba vinyesi vya viboko vinajikusanya kwenye mabwawa ya mto wakati wa kiangazi, mvua ikinyesha vinasombwa kwa mpigo, hewa ya kwenye maji inaisha na samaki wanakufa kwa wingi. Hakuna mgodi pale. Kwaiyo kinyesi kuua samaki sio hadithi ya kutunga.

Sasa kwanini hamkuamini? Kwa sababu mna kumbukumbu. Mwaka 2009 maji ya mgodi wa North Mara yalivuja yakaingia mto Tigithe ambao unamwaga Mara, wenye mgodi wakati ule, Barrick, wakasema ni wananchi waliiba yale maturubai yanayotandikwa chini ya mabwawa. Sawa, tuseme waliiba. Lakini Mei 2019 NEMC, yani baraza la taifa la mazingira, ikaupiga mgodi uleule, ukiwa chini ya Acacia, faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa bwawa la topesumu, yani lile tope la mabaki ya kuchenjua dhahabu, kuvuja, na Julai mwaka huo serikali ikalifungia lile bwawa lisitumike, hadi baadaye likaruhusiwa tena. Hapo hakuna wa kusema ni mwizi wa maturubai. Tume ilikuwa inajibu swali la Machi 2022, nyie mlikuwa mnauliza swali la tangu 2009. Ukimjibu mtu swali ambalo hajauliza atakuona unaficha kitu, hata kama unasema kweli.

Mimi naamini nini? Naamini kwamba kwa dalili za mwaka ule, maji meusi, harufu, samaki kufa eneo kubwa la mto kwa pamoja, kukosa hewa ni maelezo yanayoingia akilini. Na naamini pia kwamba hilo haliusafishi mgodi kwa miaka mingine wala haliwapi watu wa Nyamongo, pale jirani na mgodi, majibu ya visima vyao. Vyote viwili vinakaa kichwani mwangu bila kugombana.

Sasa namna ya kujua, sikiliza vizuri.

Mto ukikosa hewa samaki wanakuambia wenyewe. Alfajiri wanakuja juu wanafunguafungua midomo, wakubwa ndo wanaanza kufa, kamongo na kambale wanabaki mana hao wanaweza kuvuta hewa ya juu. Maji yanakuwa meusi au kahawia nzito na harufu ya yai viza. Na mara nyingi inakuja na mvua za kwanza baada ya kiangazi kirefu, mafunjo yaliyooza na samadi vinashuka pamoja.

Maji ya tindikali ya mgodi ni kinyume. Yanaweza kuwa safi kabisa unaona mpaka chini, ndo maana yanadanganya watu. Ule mwamba wenye salfa uliokuwa umelala chini ukichimbuliwa ukapigwa na hewa na mvua unatoa tindikali, na tindikali hiyo inaanza kuyeyusha metali zilizo kwenye mwamba na kushuka nazo. Angalia mawe ya kijito. Yakiwa yamevaa ukoko wa rangi ya kutu, hakuna konokono chini ya jiwe, hakuna viluwiluwi, majani ya ukingoni yameungua upande wa maji tu, hapo usisubiri mtu. Karatasi za kupima tindikali zinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya maabara, hata walimu wa kemia sekondari wanazo, unachovya unaangalia rangi. Sayanidi nayo inaua haraka sana ila haikai, jua linaivunja, kwaiyo ukichelewa siku chache hutaikuta hata kama ilikuwepo. Aseniki na metali nzito ndo zinabaki kwenye tope.

Sampo sasa. Watu wengi mnaharibu kesi hapa. Unachota chupa moja ya soda pale samaki walipofia, unaiweka juani siku tatu alafu unaipeleka mjini, huo sio ushahidi ni maji tu. Chukua chupa mpya za maji ya kunywa, isuuze kila moja mara tatu kwa maji ya palepale unapochota, jaza mpaka mdomoni isibaki hewa, funga, andika mahali, tarehe na saa, weka kwenye barafu. Na lazima ziwe sehemu mbili, juu ya pale unapopashuku na chini yake, mana kama maji ya juu na ya chini yanafanana basi tatizo halijaingilia hapo. Mwenyekiti wa kijiji awepo, mtu wa BMU, kile kikundi cha ulinzi wa ufukwe na uvuvi, awepo, mmoja apige video bila kukata. Alafu chupa zisafiri siku hiyohiyo. Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali Kanda ya Ziwa ipo hapa Mwanza, na Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria nao hapahapa, wapigie kabla uwaambie unakuja na nini mana kila kipimo kina masharti yake ya chupa.

Nimalizie na kitu ambacho huwa kinanichosha. Mgodi ule wa North Mara ulianza 2002 chini ya kampuni iliyoitwa Afrika Mashariki Gold Mines, 2003 ukawa wa Placer Dome wa Kanada, 2006 Barrick wakainunua Placer Dome, 2010 ukaitwa African Barrick, 2014 jina likawa Acacia, 2019 ukarudi Barrick na serikali ikaingia kwa asilimia 16 kupitia Twiga, kampuni yao ya ubia. Hesabu mwenyewe mara ngapi bango la getini limepakwa rangi. Tigithe ni uleule. Kila mwenye mgodi mpya anakuja na mafaili mapya na meneja mpya anayesema hayo ya nyuma hayakuwa yetu. Na Geita vilevile, AngloGold Ashanti ilikuwa ya Johannesburg, mwaka 2023 ikahamisha usajili wake Uingereza na soko kuu la hisa zake likawa New York. Shimo halijahama.

SWALI (mwanafunzi, Malimbe): Shikamoo. Baba yangu ni mchimbaji mdogo. Watu wanaponda kampuni za nje ila mimi nimeona kwa macho zebaki inachomwa jikoni kule machimboni. Si afadhali wawekezaji wenye mitambo ya kisasa kuliko sisi?

JIBU: Marahaba. Umeona kweli na wengi hawataki kusema, basi tuseme. Ile punje ya zebaki na dhahabu ikishakamuliwa kwenye kitambaa inawekwa kwenye koleo au sufuria mbovu juu ya mkaa, mvuke unapanda, mama amekaa pembeni na mtoto mgongoni anasubiri ile njano itokee. Mvuke ule hauna harufu. Unaoingia kifuani unaenda kwenye mishipa ya fahamu, unaopanda unashuka na mvua, na zebaki inayomwagika na maji ya mwalo, pale wanapooshea mchanga wa dhahabu, inafika kwenye tope la mto, vijidudu vinaigeuza kuwa aina mbaya zaidi inayopanda kutoka kwa samaki mdogo kwenda kwa samaki mkubwa, mwisho sahanini. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2020 ila bado inauzwa. Mwambie baba atafute retoti, kile kichupa cha chuma chenye bomba kinachonasa mvuke, zebaki inarudi anaitumia tena, hata hasara anapunguza.

Lakini kwenye hiyo "afadhali" yako nakukatalia. Kwanza zebaki hatuchimbi nchi hii, inaletwa, kuna watu nje wanaitengeneza na kuna watu wenye magari mazuri wanaiingiza. Pili, mchanga baada ya baba kumaliza, yani marudio, anauza kwa mwenye mtambo wa kuchenjua kwa sayanidi, na huyo si mdogo tena. Tatu ni ukubwa wenyewe. Mgodi mmoja mkubwa unachimbua mawe na kuacha tope la kuhesabu kwa mamilioni ya tani, na lile tope linakaa kwenye bwawa ambalo lazima lilindwe miaka yote, sio mpaka dhahabu iishe, miaka yote. Baba akikosea anaumia yeye na mtaa wake, na hiyo inaniuma, ila ukuta wa bwawa la topesumu ukikosea ni bonde zima. Kwaiyo sio afadhali, ni tofauti, na mmoja asitumike kama pazia la mwingine. Mimi nikimsikia msemaji wa kampuni anajibu swali la bwawa lake kwa kuzungumzia zebaki ya wachimbaji wadogo huwa nazima redio.

(Na wale wa Geita walionitumia ujumbe kuhusu magwangala, yale mawe ya mabaki mliyokuwa mnayadai mgodini, nimewasoma, ila jueni kwamba jiwe likitoka kule linatoka na kila kilichomo ndani yake, mkisagia karibu na kisima msije kuniuliza tena.)

SWALI (mama anayeuza mapanki, yale mabaki ya sangara yanayotoka viwandani, Kirumba): Habari za kazi baba. Zamani mapanki yalikuwa makubwa, saivi kichwa kidogo hadi aibu na bei ipo juu. Viwanda vinasema wavuvi wamemaliza sangara, wavuvi wanasema viwanda. Hao wa nje wana lawama hapa au ni sisi wenyewe?

JIBU: Nzuri mama, pole na jua la Mwaloni.

Tuanze na sangara mwenyewe, mgeni yule. Aliwekwa ziwani miaka ya 50 wakati wa wakoloni, akakaa kimya, miaka ya 80 akalipuka akawala furu, na furu walikuwa mamia ya aina, nyingi hatuzioni tena. Kuna athari moja ambayo mabibi zetu wanaijua kuliko maprofesa. Furu unamwanika juu ya jabali, jua linamaliza kazi bure. Sangara ana mafuta mengi na ni mkubwa, jua halimwezi, lazima umbanike kwa moshi au umkaange, na moshi ni kuni. Kwaiyo samaki alibadilika ziwani, miti ikaanza kuisha milimani na visiwani. Hakuna kampuni iliyoandika hiyo kwenye vitabu vyake vya hesabu.

Viwanda vya minofu vilianza kujaa hapa mwanzoni mwa miaka ya 90. Watu wanaviita vya wazungu ila wenye navyo wengi ni wafanyabiashara wa hapahapa Afrika Mashariki. Wa nje wako mwisho wa mnyororo, wananunua mnofu Ulaya na mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa samaki, kule China na Hong Kong, na mabondo saivi kilo yake inaipita kilo ya nyama ya samaki mwenyewe kwa mbali sana, kwaiyo kuna watu wanavua sangara kwa ajili ya bondo tu. Huyo mnunuzi haonekani Kirumba, hana ofisi ya kwenda kulalamika, ila bei yake ndo inamwamsha mvuvi usiku.

Angalia nguvu yake. Kati ya 1997 na 1999 Ulaya walifunga mlango kwa samaki wetu mara kadhaa, mara bakteria, mara kipindupindu, mara wakasikia kuna watu wanavua kwa sumu. Viwanda vikasimama, mji mzima ukasikia. Na kila kitu kikarekebishwa, mialo ya kushushia samaki ikapakwa rangi, maabara zikaja, barafu ikaja, haraka kuliko agizo lolote la serikali ninalolikumbuka. Mimi hiyo inanifundisha kwamba wanaweza. Walipoona sahani yao iko hatarini walipima mpaka kucha za mfanyakazi. Kwenye sangara mchanga wa chini ya sentimita 50 ambaye kanuni inakataza asivuliwe sijawahi kuona mlango ukifungwa kwa kasi ile.

Wavuvi nao wana lao, nisiwapambe. Nyavu haramu zipo, kokoro ni kokoro, timba ni timba. Ila mvuvi wengi wao mtumbwi sio wake, injini sio yake, kakopeshwa na tajiri ambaye ni wakala, na wakala anapeleka kiwandani, samaki akikosekana deni halikosekani. 2018 ikaja ile Operesheni Sangara, nyavu zikachomwa ufukweni moshi mpaka angani. Nyavu zilichomwa. Aliyekuwa ananunua samaki wa nyavu zile alichomewa nini?

Kuhusu mapanki kupanda bei sina dawa mama. Hata panki saivi lina washindani, viwanda vya chakula cha mifugo vinalitaka vilevile, na dagaa ndo hivyohivyo anaenda kwa kuku.

SWALI (fundi baiskeli, Mabatini): Mtaro wetu mvua ikinyesha unaziba chupa za plastiki za soda na maji, mto Mirongo unafurika unaingia ndani. Mwenye kampuni si ndo aje aokote?

JIBU: Ndio. Enzi za chupa ya kioo ulikuwa unaacha hela ya chupa, kreti zinarudi kiwandani, wanaosha wenyewe kwa maji yao na sabuni yao. Wakaleta plastiki, gharama ya kuosha ikatoka kiwandani ikahamia kwenye mtaro wako. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 na mji ukapumua, chupa zikabaki nje ya katazo. Vijana wanaookota na kuuza kwa kilo ndo wanaifanyia kampuni kazi yake kwa bei ya kutupa. Mimi ningependa irudi ile hela ya kuacha dukani, shilingi mia tu juu ya kila chupa, uone kama mtaroni itabaki hata moja.

SWALI (mkulima wa kahawa, Missenyi): Bomba la mafuta linapita kwetu. Likivuja litafika ziwani?

JIBU: Bomba hilo ni la kilomita 1,443 kutoka Hoima Uganda hadi Chongoleani Tanga, TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62, CNOOC ya China 8, Uganda na Tanzania kila moja 15 kupitia mashirika yao. Linaingia kwetu upande wako, linavuka mto Kagera, linapita Kagera na Geita, kipande kirefu kimo ndani ya bonde la Ziwa Victoria. Mafuta ya Uganda ni mazito yenye nta, lazima yapashwe moto kama nyuzi 50 ndo yatembee, kwaiyo kampuni husema yakimwagika yataganda hayataenda mbali. Kuganda kwenye shamba nakubali. Kwenye Kagera wakati wa masika, maji yale yanavyokimbia, sina moyo huo. Cha kuuliza wewe sio litavuja au halitavuja, uliza valvu ya kufungia iliyo karibu na mto iko umbali gani kutoka ukingoni, nani anaifunga, kwa dakika ngapi, na kijiji chenu kitajulishwa kwa simu ya nani. Yote hayo kampuni ilitakiwa kuyaandika kabla ya kuchimba mtaro.

SWALI (diwani mstaafu, Sengerema): Ndugu mwandishi, kila mara unasema "tuulize karatasi". Karatasi gani, na zinaombwa wapi? Tusije kuzungushwa.

JIBU: Mheshimiwa umenibana, haya.

Kubwa ni ripoti ya Tathmini ya Athari kwa Mazingira. Mradi mkubwa haupati cheti bila hiyo, na cheti kina masharti nyuma yake, watapima maji wapi, mara ngapi kwa mwaka, bwawa litatandikwa nini, vumbi litamwagiwa maji saa ngapi. Watu wanabishana na kampuni kwa hisia wakati kampuni yenyewe iliahidi kwa maandishi mambo makali kuliko wanayoyadai. Ya pili ni ripoti za ukaguzi za kila kipindi. Ya tatu ni kibali cha kumwaga majitaka kutoka Bodi ya Bonde, hiyo inaonesha wameruhusiwa kumwaga nini na kiasi gani. Na kwa migodi kuna mpango wa kufunga pamoja na dhamana ya fedha ya kurekebisha ardhi, hiyo watu wanaisahau kabisa mpaka siku geti linafungwa. Mgodi wa Buzwagi pale Kahama ulifungwa 2021, waulizeni wa kule ni maswali gani wangetamani wangeuliza mapema.

Wapi? NEMC wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza, anzia hapo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na haki ya kuomba taarifa zake, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa afisa siku 30 za kukujibu. Usiende kwa mdomo, kwa mdomo utarudishwa kesho na kesho kutwa. Andika barua ya ukurasa mmoja, taja mradi, taja karatasi unayoitaka kwa jina lake, usiandike siasa wala historia ya kijiji. Toa nakala mbili. Moja waachie, nyingine wagonge muhuri na tarehe uondoke nayo, mana siku 30 zinahesabiwa kuanzia muhuri ule, na wakinyamaza ndo una kitu cha kupeleka mbele. Ukiipata hiyo ripoti, nenda moja kwa moja kwenye kurasa za mwisho penye jedwali la mpango wa usimamizi wa mazingira, mbele kote ni maelezo ya hali ya hewa na picha za ndege.